Vazi Moja la Kipa, Magoli Mawili

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Chama cha Mpira wa Magongo. Viongozi ulioongozana nao. Wazazi, mashemeji, na majirani mliokuja kwa sababu mlisikia muziki:

KARIBU

Sisi wachezaji wa Klabu ya Siafu, wanaume kwa wanawake, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumefurahi kukuona umekuja mwenyewe. Misimu iliyopita ulituletea salamu, nasi tulizipokea, tukazipigia makofi, tukazikalisha meza kuu.

TULIKOTOKA

Klabu ilianzishwa na mafundi wa karakana, kwa magongo ya kuazima. Wanawake walijiunga walipochoka kufua jezi za watu wanaofungwa. Tangu mwanzo tuna seti moja ya vifaa vya kipa: helmeti, ngao ya kifua, glavu na pedi za miguu. Timu zilipokuwa mbili, seti ilibaki moja.

Kipa wa wanawake ni fundi cherehani. Kipa wa wanaume ni fundi wa kuchomelea vyuma, naye ni mumewe wa ndoa. Wanaume humwita mke shemeji, wanawake humwita mume shemeji, kwa hiyo klabu nzima ni ukweni na watu huongea kwa adabu.

MSIMU ULIVYOKWENDA

Kila Jumapili wanawake walicheza kwanza, wanaume wakafuata. Mke akivua, mume anavaa. Mume alisema pedi anazipokea zimelowa kama zimetoka kuvuliwa ziwani. Mke akasema helmeti inanuka moshi wa kuchomelea, kwa hiyo kila mtu abebe la mwenzake. Hayo yalikuwa maneno ya mapenzi, nasi tulicheka.

Kisha wanawake wakaanza kushinda, na wanaume wakaendelea na walichokuwa wakifanya. Siku moja mtu mmoja kwenye benchi, hatumtaji, ni mweka hazina, akasema, "Hivi vifaa baraka zake zinaishia kwa mke." Mume alikuwa anafunga kamba za pedi. Alisikia. Akamaliza kufunga, akaingia uwanjani, akafungwa matano.

Tangu hapo aliacha kuzungumza na mkewe habari za magongo, kisha habari zote. Chakula alikula na shukrani alitoa, ila aliutolea ukuta. Mke naye hakuwa mtu wa kubembeleza ukuta. Akawa anamwambia mama mkwe, "Mama, mwambie mwanao maji ya kuoga yamechemka." Na mama mkwe, aliyekuwa amekaa katikati yao, anajibu, "Ana masikio, nilimzaa nayo."

Wakati huo fundi cherehani alishona suruali ya mteja, mguu mmoja nje mmoja ndani. Jambo hilo halikuwahi kumtokea. Akamwendea kapteni wake, ambaye ndiye anayekusomea risala hii, akasema, "Nikishinda, nyumbani kunanuna. Nikiachia, nimewauza ninyi. Niambie nishike lipi."

Kapteni akasema, "Shika goli."

Tunakiri halikuwa jibu la kumsaidia mtu, lakini ndilo lililokuwepo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, mechi za mwisho za msimu zilipangwa saa ileile, viwanja viwili tofauti. Wanawake wakishinda, ni mabingwa. Wanaume wakifungwa, wanashuka daraja. Hatusemi nani alipanga ratiba; saini tuliitambua. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tunaamini hata leo linashughulikiwa.

Kamati ya klabu, ambayo wajumbe wake wote wanaota ndevu, ilikaa na kuamua vifaa viende kwa wanaume, kwa kuwa kushuka ni aibu, ila kushika nafasi ya pili si ugonjwa. Fundi cherehani akaitwa kuambiwa.

"Mume wangu alikuwepo mkiamua?"

"Hakuwepo."

"Haya."

Akarudi kwenye cherehani yake. Akapasua godoro kuukuu, akakata sponji, akajishonea kinga za miguu kwa kitambaa cha pazia.

Siku ya mechi tulikuwa tunapasha misuli tulipomwona mume anakuja na begi la vifaa begani. Akalitua mbele ya mkewe.

"Vaa," akasema. Lilikuwa neno la kwanza baada ya wiki nyingi.

"Na wewe?"

"Sheria inaruhusu timu kucheza bila kipa."

"Sheria inaruhusu mengi. Utavunjika miguu."

"Mama watoto, mimi nitafungwa nikivaa, nitafungwa nisipovaa. Leo acha nifungwe kwa faida."

Mke akafungua kinga zake za sponji, akapiga magoti kwenye vumbi, akamfunga nazo miguuni, fundo juu ya fundo. Alipomaliza alimpiga kofi kwenye kigimbi, akasema, "Nenda, utachelewa." Mume akaondoka mbio, maua ya pazia yakionekana mpaka kwenye kona.

Wanawake walishinda moja bila. Dakika za mwisho ilitolewa penalti dhidi yetu, na fundi cherehani akaitoa kwa pedi ya kushoto. Tulipomtafuta apokee kombe, hakuwepo. Alikuwa anapita barabarani na mavazi yake yote, helmeti kichwani, watu wanampisha.

Alimkuta mumewe amekaa pembeni ya uwanja, sponji imemtoka, goti limevimba.

"Ngapi?"

"Saba."

"Ulizuia yoyote?"

"Mawili. Moja kwa gongo, moja kwa goti. La goti refa akatoa penalti, maana sikuhesabiwa kipa."

"Ikaingia?"

"Ikaingia."

Fundi cherehani akakaa chini na pedi zake zote. Wakatazama uwanja mtupu. Kisha mume akasema, "Kelele zenu nimezisikia huku. Nikajua umeokoa."

"Ulijuaje kama ni mimi?"

"Sasa angekuwa nani?"

Mke akamshika mkono, akamwinua, wakaenda nyumbani wakichechemea kwa zamu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, daraja la chini hucheza Jumamosi, kwa hiyo vifaa havitagongana tena. Wapo waliosema ombi letu limejijibu. Sisi tunaona si vizuri timu ishuke daraja ili ipate cha kuvaa.

Tulikusudia kuomba seti moja mpya. Tatizo likazuka. Mke amesema mpya ni ya mumewe, yeye kongwe inamtosha. Mume amesema bingwa havai kitu kilichochakaa, na hilo ndilo neno lake la mwisho. Wamebishana mbele ya kamati mpaka mlinzi akaja kufunga ukumbi. Kamati ilipoombwa iamue, wajumbe walitazama viatu vyao.

Kwa hiyo tunaomba seti mbili.

Mungu akupe afya, akufikishe kwako salama, na kila ratiba itakayopita mezani kwako akujalie nafasi ya kuisoma.

Ni sisi,
Wanaume na wanawake wa Klabu ya Magongo ya Siafu.