Meli Iliyotangulia Lami

Kezia alikuwa amefumba macho ndani ya feri ya kwenda Mbita, lakini masikio hayana kope, na ubishi wa watu wawili waliomweka katikati ulikuwa umepamba moto.

"Mama, kabla ya lami Homa Bay ilikuwa nini?" akauliza bwana mwenye lori la simenti. "Leo samaki wa asubuhi analiwa Nairobi jioni!"

Mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekalia magunia yake matupu, hakuwa na haraka. "Enzi za meli, kijana wangu, mnunuzi alishuka gatini kwetu, akala kwetu, akangoja omena ikauke. Tangu lami ije, mimi ndiye ninayemfuata."

"Na unampata, sivyo? Hayo ndiyo maendeleo."

"Haya. Na simenti yako saa hii iko juu ya lami gani?"

Kezia akafumbua jicho moja. Bwana akalitazama ziwa, kisha akasema kwa kujiamini kabisa, "Feri ni barabara inayoelea."

"Na meli ilikuwa nini?"

Feri ikagusa gati. Lori likanguruma, watu wakajibanza pembeni, nalo likashuka la kwanza na dereva wake, kabla ya mama, kabla ya magunia, kabla hata ya mwenye lori.