Mzee Lazarus Ooko na Chupa ya Injinia Nyabuto

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, Mzee Lazarus Ooko atafunga kaunta ya Klabu ya Kaptarit kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alikuja hapa shambani kutoka upande wa ziwa akiwa kijana mwembamba wa kuchuma majani chai. Akahamishiwa kukata nyasi za uwanja wa tenisi, kisha kubeba sahani, na hatimaye akawekwa nyuma ya kaunta, ambako hakuna aliyefikiria kumtoa tena. Mimi nimepika upande wa pili wa ukuta wake kwa miaka mingi. Nimeombwa kuandika kwa sababu, eti, ndimi ninayemjua na ndimi mwenye mdomo.

Wageni mtakaosoma ratiba hii, fahamuni jambo moja kwanza. Mtu huyu aliyewamiminia wengine wiski maisha yake yote hakuwa ameonja hata tone. Alikuwa mzee wa kanisa kule chini karibu na kambi ya wafanyakazi, na mkewe Dorcus huongoza sauti ya pili kwenye kwaya. Kanisa lao lilikubali kwamba kumimina ni kazi na kunywa ni dhambi, na Lazarus hakuwa amesogeza mguu kuvuka mpaka huo. Alizijua chupa zake kwa pua tu.

Ana mengi ya kusifiwa. Mvua ya mawe ilipovunja vioo vya ukumbi, ni yeye aliyewaingiza wanachama wote stoo na kuendelea kuwahudumia humo kana kwamba hakuna lililotokea. Mwanachama aliyezidiwa alinyang'anywa funguo za gari kwa heshima zote, na funguo zikafichwa ndani ya debe langu la unga wa ugali. Mara ngapi nimesonga ugali nikasikia kitu kikigonga sufuria! Nilimfokea, akacheka, akaendelea. Wake wa wanachama wengi wangali na waume kwa sababu ya debe lile.

Lakini miaka ya karibuni haikuwa ya kucheka. Mashine zilipoanza kuchuma chai, kambi zilibaki tupu, na mameneja waliokuwa wakijaza ukumbi wakapungua. Wengine walihama. Wengine tuliwazika. Meza ya dirishani, ambayo zamani haikuwa na kiti cha ziada siku ya Jumamosi, ilibaki na wanaume watatu: Mzee Kipruto aliyekuwa meneja wa shamba, Mwalimu Bogonko, na Injinia Eliakim Nyabuto wa kiwandani. Mwaka jana Injinia naye akaondoka.

Hapa sharti nieleze desturi yetu. Kila mwanachama ana chupa yake kabatini, yenye jina lake. Akifa, Jumamosi baada ya mazishi wenzake wa meza humalizia kilichobaki. Kisha Lazarus huiosha chupa, huifunga kwa kitambaa cheupe, na kuikabidhi familia kwa mikono miwili. Hapo ndipo jina hutolewa kabatini. Kuna mjane mmoja huko Chepseon anayeitumia yake kuwekea asali. Chupa kurudi nyumbani ikiwa tupu maana yake ni kwamba marehemu alikuwa na watu.

Sasa, wanaume wa meza ile walikuwa wa wiski ya Uskoti, ile ya shayiri na moshi, yenye tone la maji. Injinia peke yake alikunywa ya Marekani iitwayo Bourbon, aliyoletewa na binti yake aliyeolewa huko. Bourbon hutengenezwa zaidi kwa mahindi na kulazwa kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, kwa hiyo hunukia sukari iliyoungua. Wenzake walimtania kwa hilo miaka na miaka, naye akawatania kwamba wao hunywa maji yaliyozimiwa moto. Ulikuwa utani wa marafiki.

Ugonjwa wa koo ndio uliomwondoa. Huku kwetu, kuanzia Bomet hadi Sigowet, ni nadra kupata ukoo usioujua. Miezi ya mwisho hakuweza kumeza hata uji, lakini Jumamosi alikuja. Lazarus alimmiminia kidogo, akamwekea glasi chini ya pua, naye Injinia akanusa, akatosheka. Kisha kile kidogo kilimwagwa nje kwenye maua. Kwa hiyo alipokufa, chupa ilikuwa karibu imejaa.

Jumamosi ya desturi ilipofika, Kipruto aliisukuma glasi mbali. “Lazarus, hii ni chang'aa imevaa tai,” alisema, kana kwamba ni ile pombe ya magendo ya vijijini. “Ondoa, lete ile yetu.” Bogonko naye akasema mahindi alikula ya kutosha akiwa mtoto, hataki kuyanywa tena. Chupa ikarudi kabatini na jina likabaki.

Mama Janeffer Nyabuto, mjane wa Injinia, alingoja. Alipoona kimya kimezidi, akapanda hapa kutoka Litein kwa bodaboda, akiwa bado na nguo za msiba. Wale wazee walimwambia chupa haijawa tayari. Hakubishana nao, alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya gunia la viazi. “Molly, niambie ukweli,” aliniuliza. “Hawa watu wanaogopa bwana yangu kama mtu wa ukoma?” Lazarus alikuwa amesimama mlangoni na trei, akasikia yote. Sijawahi kumwona mtu akiaibika hivyo kwa kosa lisilo lake.

Tangu siku hiyo aliifanya kazi yake kuwafundisha wale wazee wawili kuipenda Bourbon. Aliwapimia kidogo kidogo kando ya ile ya Uskoti. Aliwaomba wasiifananishe na yao, kwa kuwa hii haina moshi na haidai kuwa nao. Wainuse kwanza, wangoje, watafute utamu wa mti ulioungua. Maneno hayo alifundishwa na Injinia mwenyewe. Hawakugusa. Jumamosi iliyofuata aliniagiza nichome mahindi mabichi juu ya makaa, niyalete mezani yakiwa bado yanatoa moshi, ili harufu iwaongoze. Nilichoma, nikapaka chumvi na ndimu. Mahindi waliyala mpaka gunzi. Glasi zikabaki palepale.

Ndipo Lazarus akawauliza wazi shida ni nini.

“Si utamu,” Kipruto alisema, bila kumtazama. “Hiyo kitu ndiyo ilichoma koo ya Nyabuto. Na alikuwa anaweka mdomo kwa glasi za hii meza. Huku kwetu watu wa koo ni wengi, Lazarus. Sisi tumebaki wawili.”

Wanaume waliosoma, jamani! Hakuna daktari aliyesema ugonjwa ule huhama kutoka chupa ya mtu hadi koo la mwingine, nao walilijua hilo kama mimi. Lakini hofu ya kaburi haisomi, na nilipowaangalia nyuso, hasira yangu ilipungua. Walikuwa wazee wawili wanaoogopa kufa.

Lazarus alirudi kwenye kaunta. Mfanyakazi haruhusiwi kutumia glasi ya mwanachama, kwa hiyo alichukua kikombe chake cha bati cha chai, akamimina kutoka chupa ya Injinia, akasema, “Basi mimi nitatangulia.” Akanywa chote. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akashika kaunta kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Alipopata pumzi akasema tu, “Ni tamu. Ni kama alivyosema.”

Kipruto alikuwa wa kwanza kuvuta glasi yake. Bogonko alinusa, akangoja kama alivyofundishwa, akanywa, halafu akaanza kulia. Alisema ni harufu ya jiko la mama yake, aliyepika pombe ya mahindi ili yeye apate karo, na yeye maisha yake yote alikuwa anaikimbia. Chupa ile waliimaliza kwa Jumamosi mbili, na Mama Janeffer akaipokea hapa ukumbini ndani ya kitambaa cheupe.

Habari zilifika kanisani kabla kikombe hakijakauka. Lazarus aliitwa mbele ya baraza. Walimtaka asimame Jumapili aseme amekunywa na anajuta. Alijibu kwamba kusema amekunywa atasema, ila kujuta hawezi, kwa sababu atakuwa anadanganya madhabahuni. Wakamvua uzee wa kanisa, wakamzuia meza ya Bwana. Mpaka leo hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, anamsikiliza Dorcus akiimba, na watu aliowasimamia watoto wao wakibatizwa hupita wakiangalia pembeni. Ninyi mnaodhani mtu huyu anastaafu akiwa na furaha tele, hamjamtazama vizuri. Hilo limemuumiza, na sisi tuliomwona limetuuma.

Tulimwalika mchungaji wake aje afunge sherehe hii kwa maombi. Ametuma ujumbe kwamba hawezi kumwombea asiyetubu, tena ndani ya baa. Ratiba zilikuwa zimeshachapwa. Kwa hiyo pale palipoandikwa Mchungaji, kateni kwa kalamu mwandike Mama Janeffer Nyabuto. Ameomba mwenyewe, na amesema atasali amesimama kando ya Lazarus, amemshika mkono.

Mzee Lazarus, asante kwa yote. Nenda ukapumzike kwako na Dorcus, ule ushibe, ulale bila deni la mtu, na usikose kamwe wa kukuombea.

Molly Amondi, Jikoni