Kwaheri Don Eustaquio, Adui wa Majani Marefu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Don Eustaquio Cañete anazima mashine yake ya kukata nyasi, na safari hii haiwaki tena mkononi mwake. Ametumikia Bustani ya Tajy, katika mtaa wetu wa Loma Kambuchi hapa Asunción, kwa miaka thelathini na minne. Yeyote aliyewahi kulala kwenye nyasi zake akaamka na mistari shavuni anajua tunampoteza nani.

Alianza na panga, akapanda cheo hadi fyekeo, kisha akakabidhiwa mashine. Wakongwe wanasema siku hiyo aliisukuma hadi nyumbani kumwonyesha mkewe, Ña Blásida, na njia nzima majani ya majirani yalikaa kwa adabu. Kwake nyasi zilikuwa na urefu mmoja tu, nao ni ufupi. Msimamizi mmoja alivua viatu apate ubaridi wa nyasi, akapitiwa na usingizi, akaamka na kiatu kimoja na nusu. Don Eustaquio hakuomba radhi. Alisema tu, "Kilikuwa kimepita kimo."

Kwa mistari iliyonyooka hana mpinzani. Kwa kukata kona namshinda mimi, mkata nyasi mwenzake, naye analijua hilo, ila anaona tabu kulisema mbele za watu.

Basi miaka miwili iliyopita akaja Mhandisi Lorena Bogarín na mpango wake. Mteremko wote wa mashariki, ule tuliouita kapeti, usikatwe tena. Ungepandwa mimea ya asili ya nchi hii, mirefu kwa mifupi, ya maua na isiyo na maua, iote ikichanganyika, ili vipepeo, nyuki na ndege warudi mjini. Don Eustaquio alisikiliza hadi mwisho, kofia mkononi, kama mtu anayesomewa hukumu. Kisha akauliza, "Na mimi nitakata nini?"

"Pale hutakata kitu, Don Eustaquio. Utapumzika."

Angemtukania ukoo mzima, ingemuuma kidogo kuliko hilo.

Mvua zilipokuja mteremko ukafumuka. Nyasi zikafika kifuani, maua ya zambarau na ya njano yakachomoza bila kupanga foleni, vipepeo wakajaa. Mhandisi akafurahi. Mtaa haukufurahi hata kidogo. Sisi wa Loma Kambuchi tumelelewa katika nyua za udongo mwekundu zinazofagiwa kabla jua halijapanda. Jani moja likilala uani hadi saa tatu, jirani anakuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Kwa hiyo watu walipoutazama mteremko ule hawakuona vipepeo. Waliona mfanyakazi aliyechoka kazi.

Hapo jina la Don Eustaquio likaanza kuchafuka. Ña Herminia, anayeuza pale langoni majani ya dawa ya kutia kwenye tereré, kinywaji chetu cha baridi, alimsimamisha mbele ya wateja.

"Don Eustaquio, iliyokufa ni mashine au ni wewe?"

"Ni mradi, Ña Herminia. Mradi wa mhandisi."

"Hata marehemu mume wangu alikuwa na mradi. Alilala nao mpaka akafa."

Akamtwangia majani ya kutia nguvu mgongoni, akampa bure. Kwa Ña Herminia kutoa kitu bure ni sawa na kutoa rambirambi.

Anselmo kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa akimwambia kila aliyekaa kwenye kiti chake kwamba mzee ameshastaafu kimyakimya, bado sherehe tu. Mhandisi aliweka kibao cha kueleza mimea. Mtu akaandika chini yake kwa mkaa, "Na nyoka je?" Kikosi kizima cha nyasi tulicheka, mimi nikiongoza. Don Eustaquio mwenyewe hakucheka. Baada ya miaka yote ile ya kunyoosha nyasi, angekumbukwa kama mvivu aliyeshindwa na magugu. Akamwendea mhandisi.

"Nipe asubuhi moja tu na mashine yangu. Moja."

"Ukiingia mle, mradi umekufa. Naomba usinigusie mimea, Don Eustaquio."

Hakugusa mmea. Ijumaa iliyofuata aliitoa mashine akauzunguka mteremko mzima kwa nje, akakata ukanda wenye upana wa kupita watu wawili, umenyooka kama pindo la gauni la arusi. Kisha akapanga mawe kando yake na kuyapaka chokaa, kama tunavyopaka mashina ya miti. Msinielewe vibaya: hakuwa na habari na vipepeo. Alitaka kila apitaye aone kwamba mashine ni nzima na mwenye mashine yu hai.

Kumbe kamati nayo ilikuwa na lake. Homa ya dengue ilikuwa imeingia mtaani, na dengue ikiingia sisi huitana, kila nyumba na panga lake, tukafyeka chochote kilichoota. Jumamosi asubuhi watu wakapanda kilima na mapanga, reki, vikapu vya chipa, mikate yetu ya jibini, ya moto na madumu ya tereré, Anselmo mbele kama anakwenda kukomboa nchi. Walikuwa wanaufuata mteremko. Mhandisi Lorena alisimama katikati ya maua yake, asijue aanze kumwomba nani.

Wakafika kwenye mawe meupe, wakasimama.

Hakuna aliyewaambia wasimame. Lakini kwetu mtu havushi panga mpaka uliopakwa chokaa. Hapo pana mwenyewe.

"Anselmo," akaita Ña Herminia, "hapa pamepandwa."

"Juzi lilikuwa pori hili."

"Juzi lilikuwa halijachongwa. Na wewe ni kinyozi gani? Mtu akija na nywele zake ndefu, ukimchonga shingoni, si unamwambia ni mtindo?"

Watu wakaangua kicheko. Anselmo akaona uenyekiti unamponyoka, akamgeukia Don Eustaquio, aliyekuwa ameegemea mashine.

"Mzee wangu, sema wewe. Hili ni pori au ni bustani? Ukisema pori, tunalimaliza kabla ya chakula cha mchana."

Neno moja tu, na kapeti lake lingerudi. Sisi tuliomjua tulishaanza kumhurumia mhandisi. Don Eustaquio akayatazama mapanga. Akautazama ukingo wake. Akawatazama wale watu, waliokuwa wakimwangalia jinsi ambavyo hawakuwa wamemwangalia tangu mvua zianze.

"Ni bustani," akasema. "Na ni yangu. Kuna anayeona mvivu hapa?"

Hakuna aliyeona. Na kwa kuwa watu wenye mapanga hawarudi nyumbani hivihivi, Mhandisi Lorena akawaeleza kwamba mbu wa dengue hatagi kwenye maua, hutaga kwenye maji yaliyotuama. Wakashuka kwenda kumwaga maji ya matairi yaliyolundikana nyuma ya kibanda cha Anselmo. Walikuta mbu wa kutosha kuunda kamati yao wenyewe.

Tangu siku ile mteremko haukupunguzwa hata jani, na mtaa mzima unaapa uliupenda tangu mwanzo. Anselmo huwaleta wageni wake kuuona. Ña Herminia tumemkataza kuchuma, naye anatujibu kwamba hachumi, anapunguza. Watu wanauita bustani ya Don Eustaquio. Mhandisi, aliyeipanda miche ile kwa mikono yake, hasahihishi mtu. Ana akili yule dada.

Mzee mwenyewe bado anauita pori. Kipepeo akitua kwenye ukingo, humfukuza arudi ndani.

Wiki iliyopita alikwenda ofisini kwa Mhandisi Lorena na ombi moja: mteremko wa magharibi nao uachwe uote. Mhandisi nusura alie. Akamwuliza kama vipepeo hatimaye wamemwingia moyoni.

"Vipepeo wako mimi siwajui," akajibu. "Ila pori moja limenipa ukingo wa kuzunguka nusu ya kilima. Nataka na nusu ya pili."

Amekubaliwa. Mbegu zitamwagwa mvua zikikolea, na ukingo huo tutaukata sisi tunaobaki, tukijua kwamba atapita na dumu lake la tereré kutafuta mahali tulipopinda. Kwenye kona hatapata kitu, nawaapia.

Don Eustaquio, asante kwa mistari, kwa kelele za alfajiri, na kwa kusimama mbele ya mapanga ukakiita chako kitu ulichokichukia. Sasa keti uani na Ña Blásida, unyooshe miguu mchana kweupe, na anayetaka kukuita mvivu aje kwanza kwetu. Tunakuombea afya, utulivu na miaka mirefu, maana ndicho kitu kirefu pekee ambacho hutatamani kukikata.

Derlis Villalba, kwa niaba ya kikosi cha nyasi