Aliyehesabu Milipuko kwa Nyayo

Zamani fundi alipimwa kwa mara alizoangushwa akainuka. Siku hizi anapimwa kwa karatasi, na karatasi haijawahi kuangukiwa na jiwe.

Marehemu mdogo wangu, tuliyemwita Kishindo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika chumba cha mwisho cha kambi ya machimbo ya mawe, ambako baba yetu alikuwa mpasuaji. Baba alitulea kwa mkanda. Sisi wengine tulikimbia. Yeye alisimama akahesabu viboko kwa sauti, na baba akiruka hesabu alimsahihisha.

Alisoma hadi darasa la nne. Mwaka 1969 mwalimu alimvunjia fimbo mgongoni. Akaokota vipande, akavipanga mezani kwa mwalimu, akaondoka, na hakurudi.

Alianza kazi mwaka 1974 kwenye mashine ya kokoto. Mwaka 1979 baruti ilimlipukia mkononi, ikanyofoa vidole viwili na sikio la kushoto. Nilimkuta wodini nikaangua kilio. "Kaka, vimebaki vinane," akaniambia, "na utambi unawashwa kwa viwili." Baada ya wiki saba alikuwa shimoni tena. Alijifunza kutoboa mwamba, kutega baruti, na kufungua kompresa akaifunga bila skrubu kubaki. Ndiyo maana machimbo matatu yalimgombea, na mwaka 1991 akawa mkuu wa baruti bila kumlamba mtu viatu.

Watega baruti wa enzi hizo walivua viatu ili kuhesabu milipuko. "Mlipuko unakupiga nyayo kwanza," alikuwa akiwafundisha wenzake. "Mwangwi hauna miguu." Mashimo tisa, mapigo tisa. Likipungua moja, haingii mtu.

Alifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984 na mpishi wa kantini. Siku ya kwanza aliyomposa, alipigwa upawa wa kichwa.

"Ukikataa nitarudi kesho," akasema.

"Na kesho nikikataa?"

"Kwani huo upawa utaisha?"

Alirudi siku kumi na moja.

Mwaka 2009 wakubwa wapya walileta fomu: unajiamini kiasi gani, moja hadi tano? Akawauliza, "Mbele ya baruti au mbele yenu?" Wakamwandikia mbili. Wakampa kirungu cha getini, na nafasi yake wakampa kijana mwenye cheti. Siku hiyo alivunja kiti cha ofisi ukutani, na sitamtetea. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa getini.

Tangu 2011 vumbi la mawe lilikuwa likimla mapafu, akawa anatema damu. Lakini si mapafu yaliyomuua.

Alhamisi tarehe 14 Agosti 2014, saa saba mchana, yalitegwa mashimo tisa. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi la getini. Alivua viatu kama kawaida yake, na milipuko ikapita. Kijana wa cheti akapuliza filimbi: tisa, ingieni.

"Nane!" Kishindo akapiga kelele. "Umehesabu mwangwi! Rudisha watu!"

"Mzee, linda geti lako."

Wapasuaji kumi na wawili walikwisha kuanza kushuka. Marehemu alimtwanga kijana kirungu cha kichwa, akamruka pale alipoanguka, akakimbilia shimoni. Wapasuaji wanasema aliwapita, akawageukia, akaanza kuwavurumishia mawe huku akiwatukania mama zao. Mmoja alivunjika jino. Walipanda mbio wakimkimbia yeye. Shimo la tisa likalipuka akiwa nyuma yao peke yake. Tulimkusanya kwa shuka.

Kijana yule yupo nasi leo, mstari wa nyuma, ana nyuzi sita kichwani. Azitunze. Hicho ndicho cheti.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada wawili na mimi kaka yake. Pia wapasuaji kumi na wawili, ambao kila mmoja jioni ile alikula kwake. Udongo huu umpe pumziko ambalo mwamba ulimnyima.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akiteremka pekupeku juu ya kokoto zenye makali, anakohoa, kirungu mkononi. Nilimwita, "Viatu!" Hakugeuka.

"Nishikie, kaka!"

Nimevishika.