Petroli, Umeme na Nyonga ya Mke wa Fundi Viti

Mbele ya karakana ya viti vya magari, chini ya ukuta uliotundikwa vipande vya leza, ile ngozi ya kushonea viti, vya kila rangi, kuna benchi la mbao ambalo kila asubuhi hubeba watu watatu na ubishi wa watu thelathini. Yupo Injini, makanika aliyefungua magari ya mji mzima ila la kwake hajawahi kuwa nalo. Yupo Profesa, aliyestaafu kufundisha sayansi, ingawa sayansi yenyewe haijakubali kustaafu. Na yupo mwenyeji wao, Fundi Viti, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na raha hata chembe. Mama Birika alikuwa anamimina kahawa na kusikiliza, kazi mbili anazozimudu kuliko mtu yeyote.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kesho saa nne asubuhi mke wa Fundi Viti anaruhusiwa kutoka hospitali, baada ya wiki sita na nyonga iliyofungwa chuma. Wateja wawili wamejitolea kumrudisha nyumbani. Daktari wa Meno ana gari la spoti, haibridi, petroli na umeme kwa pamoja, jeupe, limelala chini kama limechoka. Bondia, ambaye ndondi aliziacha zamani, ana sedani nyeusi ya petroli tupu, silinda nane, na akiiwasha tu vikombe vya Mama Birika vinaanza kugongana. Wote wawili wanataka jibu kabla ya saa sita mchana.

— Chukua la Bondia, Injini akasema kabla hajaulizwa. Silinda nane, ndugu yangu! Shemeji akikaribia mtaa, watu watoke nje wenyewe. Wiki sita hayupo, halafu unataka arudi kimyakimya kama mwizi wa kuku?

— Mgonjwa anataka utulivu, Profesa akasema. Haibridi inaondoka kwa umeme. Huisikii kabisa. Unaona tu nyumba zinarudi nyuma.

— Na betri ikiisha njiani?

— Petroli inapokea. Ndiyo faida ya kuwa na viwili. Na ukikanyaga breki, betri inajichaji.

— Yaani ukisimama ndiyo unajaza?

— Kwa lugha yako, ndiyo.

— Basi Daktari akikaa kwenye foleni kutwa nzima, jioni anarudi na umeme wa kuwauzia majirani!

Mama Birika alicheka mpaka akaiweka birika chini. Profesa alitaka kukanusha, akafikiri kidogo, akaona hesabu inamvuta.

— Kinadharia, akasema, foleni ikiwa ndefu ya kutosha...

— Jamani, Fundi Viti akamkatiza. Mimi nauliza habari za nyonga.

— Hapo sasa! Injini akaruka. Hiyo nyonga ina nini ndani?

— Bamba la chuma na skrubu nne.

— Na ndani ya mota ya umeme kuna nini? Sumaku! Hiyo siambiwi, nimezibandua kwa bisibisi kwa mikono yangu hii. Sumaku chini, chuma nyongani. Mkifika nyumbani mnafungua mlango, shemeji hatoki. Amenata!

— Sumaku ile imefunikwa, Profesa akasema.

— Imefunikwa na nini?

Profesa alikunywa kahawa yake yote kabla ya kujibu, na alipojibu alihamia kwenye gari la Bondia.

— Wewe zungumzia huo mtikisiko wako. Kila kitu kina mtikisiko wake, hata skrubu. Silinda nane zikitetema sawasawa na skrubu, basi, zinafunguka moja baada ya nyingine. Mgonjwa anafika nyumbani skrubu zote nne ziko mfukoni mwa gauni.

— Skrubu za hospitali hazifunguki!

— Wewe umeshafungua ngapi?

Kahawa ilimpalia Fundi Viti. Aliwajua hawa wawili kwamba wanasema ili mradi wamesema, lakini mtu mwenye hatia huamini kila kitu. Siku ile mkewe alipoanguka, yeye ndiye aliyemtuma apande juu ya meza kushusha robota la leza. Mkewe alimwambia tuache mpaka kesho, meza inacheza. Yeye hakuinua hata macho kwenye cherehani. Akasema panda tu, dakika moja.

Tangu hapo kila jioni amekwenda hospitali, na kila jioni ameongea tangu anapovuta kiti mpaka wageni wanapotolewa. Habari za mtaa, habari za wateja, habari za magari, mkewe akimtazama tu. Neno nisamehe halikupata nafasi ya kupita. Moyoni alijua kwamba alikuwa anatafuta gari la kumsemea lile neno, na aliona aibu.

— Kwa hiyo lipi? akauliza kwa unyonge.

— Yote mawili, Injini akasema, uso umemng'aa. La Bondia linatangulia kupiga kelele, la Daktari linafuata kimya.

— Na mgonjwa apande lipi?

— Nusu njia hili, nusu njia lile.

Ungedhani Profesa atamzomea. Wapi! Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akainama, akaanza kuchora barabara kwenye saruji.

— Abadilishe hapa, penye mteremko. Betri itakuwa imepata nguvu.

Alikuwa bado anachora mteremko alipofika mdogo wake mke wa Fundi Viti, ametoka hospitali na mfuko wa nguo za dada yake za kufuliwa. Aliuruka mchoro kwa uangalifu.

— Hamjambo. Shemeji, nasikia mnachagua gari.

— Tumebakiza hesabu kidogo tu, Profesa akasema.

— Haya. Dada mwenyewe amesemaje?

Injini alimtazama Profesa. Profesa aliitazama chaki. Mama Birika alibaki ameinamisha birika hewani.

— Shemeji? Hukumuuliza?

— Nimemwambia kila siku. Magari yote mawili, mpaka rangi.

— Kumwambia sawa. Mimi nasema kumuuliza.

Hakungoja utetezi. Alibonyeza simu yake, akamkabidhi. Fundi Viti alisimama, akajifuta mkono kwenye aproni kana kwamba mkewe angeuona.

— Mke wangu, ni mimi. Kesho unataka kurudi na gari gani?

Upande wa pili ulikuwa kimya. Siku nyingine angekijaza kimya kile palepale, angeanza na sumaku, amalizie na skrubu. Safari hii alifunga mdomo, na ilikuwa kazi ngumu. Alingoja mpaka Injini akaanza kumwonyesha kwa mikono kwamba labda mtandao umekatika.

— Lenye kiti cha nyuma, mkewe akasema. Tukae wote wawili. Yale matuta ya barabarani nayaogopa, nataka unishike mguu.

— Nisamehe ile siku. Ulinikataza, sikusikia.

— Najua. Wewe kesho uje mapema.

Alirudisha simu, macho yamemlowa, hakujali nani anaona.

— Kasemaje? Injini akauliza. Petroli au umeme?

— Kiti cha nyuma.

Wakatazamana. Gari la Daktari wa Meno lina viti viwili tu, vyote vya mbele. Fundi Viti mwenyewe ndiye aliyevishona, mwezi uliopita, na asubuhi nzima hakuna aliyekumbuka.

— Petroli imeshinda! Injini akapiga kelele.

— Haijashinda, Profesa akasema huku akifuta mteremko kwa soli ya kiatu. Imebebwa na viti.

Walianza upya hapo hapo. Fundi Viti hakuwasikia. Alikuwa ameshampigia Bondia, anamwomba kesho, tafadhali sana, lile gari lake la silinda nane aliendeshe polepole kuliko baiskeli.