Jioni Tunaangalia Nani Hayuko

Bwana apewe sifa, Marafiki! Nasema tena, apewe sifa! Mnaonijua mnajua kwamba mimi kila kitu nahesabu mara mbili, hata sifa za Bwana.

Naitwa Mama Simiyu. Kazi yangu ni udalali wa mbuzi pale soko la mifugo, Kitengela. Mwenye mbuzi anataka juu, mnunuzi anataka chini, mimi nasimama katikati na huu mdomo wangu. Nawahesabu mbuzi wakiingia, nawahesabu wakitoka, na siku nyingine namhesabu mwenye mbuzi pia, asije akapotea kabla hatujaelewana. Na sijawahi kununua mbuzi ambaye sijamwona kwa macho. Shikeni hilo neno, ndugu zangu, kwa sababu ndilo lilikuja kunifunga.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Simiyu. Alikuwa anaendesha bodaboda hapa mjini. Jumapili alikuwa anakaa katika kanisa hili letu la Marafiki, benchi la karibu na dirisha, akila peremende mahubiri yakiendelea, akidhani simwoni. Mtu wa mzaha. Akinikuta nikivutana bei na mtu alikuwa ananiambia, "Mama, siku utafika mbinguni, Petro atakwambia mlango ni huu na wewe utamwambia apunguze."

Mwaka jana kukaja habari ya kazi ng'ambo. Kuendesha malori, walisema. Kulinda maghala. Na aliyeileta habari hiyo hakuwa mgeni. Alikuwa Lemayian, mjukuu wa Koko Nasieku.

Koko ni nyanya Mmaasai, anatoka upande wa Isinya, na ni Rafiki wa mkutano huu tangu kabla sijafika. Mbuzi wake mimi ndiye nauza. Akifika sokoni ananisalimia, "Takwenya," nami najibu, "Iko," halafu tunaanza kukosana.

"Koko, huyu mbuzi ni mgonjwa ama anafikiria?"

"Anafikiria vile utamdhulumu, Mama Simiyu. Anakujua."

Hivyo ndivyo tulivyopendana. Basi mjukuu wake alikuwa anawakusanya vijana na kuwapeleka kwa watu fulani Nairobi, wanaowasafirisha. Na alikuwa analipwa kwa kila kichwa. Dalali, ndugu zangu! Dalali kama mimi, ila mbuzi wake walikuwa watoto wetu.

Simiyu akaenda. Mwanzoni alituma sauti kwa simu, akicheka. "Mama, baridi ya huku ni kama umefungiwa kwenye friji ya bucha." Baadaye sauti ikabadilika. "Mama, hakuna lori. Wametupa bunduki. Vita si vyetu, hata matusi wanayotutukana hatuyaelewi. Niombee." Hapo akanyamaza. Nilipiga simu mpaka ile sauti ya mashine ya kuniambia hapatikani nikaizoea kama jirani.

Kijana mmoja aliyeenda pamoja naye alirudi akitembea kwa magongo. Alikuja nyumbani kwangu mchana, akakaa, chai ikapoa mbele yake. Akasema, "Mama, nilimwona akianguka. Nilimwita. Hakuniitikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitambaa." Ndugu zangu, sikumwuliza mara ya pili. Mimi mtu wa mara mbili, sikumwuliza.

Sisi kwetu ni Bungoma. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, wazee hukata mgomba na kuuzika mahali pake, ili mioyo yetu ipate pa kutulia. Shemeji zangu wakanipigia: Mama Simiyu, njoo tuzike mgomba. Nikakataa. Niliwaambia mimi sinunui nisichokiona. Nilikataa mgomba, nikakataa rambirambi, nikakataa hata kuketi upande wa dirisha hapa kanisani. Sikulia. Mahali pa machozi palikuwa na mtu mmoja tu, na jina lake Lemayian.

Hatukuwa sisi peke yetu. Nyumba nyingine za mkutano huu zilikuwa na watoto kule, wengine hawajulikani walipo mpaka leo. Mji mzima ulikuwa na uchungu. Ndipo vijana wa steji ya bodaboda, wenzake Simiyu, wakanifuata sokoni.

"Mama, petroli iko," mmoja akaniambia. "Duka la Lemayian tunalijua. Lakini mtoto ni wako. Sisi tunangoja neno lako tu."

Neno langu tu! Nimeuza maneno maisha yangu yote, ndugu zangu, na sijawahi kuombwa neno zito kama hilo. Nikawaambia, "Ngojeni kwanza kanisa limtoe. Nataka awe si wetu. Halafu nitasema."

Karani wetu, yule anayetuongozea mkutano, Mwalimu Jotham, alikuwa ameita mkutano juu ya vita hivyo. Mimi nikafanya kazi yangu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama ninavyozunguka soko. Huyu nikamnong'oneza, yule nikamlilia kidogo kwa mdomo, bila machozi. Niliporudi nilikuwa nimehesabu vichwa mara mbili, na walio upande wangu walikuwa wengi kuliko wa amani.

Jumapili karani akasimama, akasoma azimio alilokuwa ameandaa. Kwamba sisi Marafiki wa Kitengela hatutatoa mtoto kwa vita vya mtu yeyote, awe wa karibu au wa mbali, wala kwa kubeba bunduki wala kwa kumbebea mizigo mwenye bunduki. Kwamba tutakwenda sokoni na kwenye steji kuwaambia vijana ukweli. Kwamba hatutachoma nyumba ya mtu, wala kunyamaza ikichomwa. Na kwamba hatutamtoa yeyote kati yetu, ila atakayekuwa amekosa atasema mbele ya watu alichofanya.

Nikasimama. "Karani, mimi sikubali hilo la mwisho. Na si mimi peke yangu. Waambie wainue mikono, uhesabu."

Mwalimu Jotham akanitazama bila hasira. "Mama Simiyu, wewe unajua sisi hatuhesabu mikono."

Naam, nilijua. Kwetu Marafiki hakuna kura. Wengi hawawezi kumshinda mmoja. Tunakaa kimya mbele za Mungu mpaka tuwe na nia moja, na akikataa hata mmoja kwa dhamiri, karani anafunga kitabu tunarudi siku nyingine. Nilidhani nimeleta bidhaa kwenye soko, kumbe soko hilo halina mizani. Tulikaa. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua, lori la simiti likapita barabarani, nzi akatembea juu ya Biblia ya mtu. Karani akafunga kitabu. "Hatujawa pamoja. Tutarudi."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu! Vijana wakipita na pikipiki walikuwa wananiangalia tu usoni. Nami nilikuwa najiambia, Jumapili hii wakikataa kumtoa, nasema hilo neno.

Tuliporudi, Lemayian alikuwa ameketi nyuma, karibu na mlango, amekonda kama mbuzi wa kiangazi. Tukaingia katika kimya tena. Mimi, kwa mazoea, nikaanza kuhesabu vichwa. Nikahesabu mara ya kwanza. Nilipoanza ya pili Koko Nasieku akasimama, fimbo mkononi.

"Mimi sina maneno ya kanisa," akasema. "Mama Simiyu ananicheka kila siku kwa sababu sijui idadi ya mbuzi wangu. Sisi tulifundishwa usihesabu mifugo, usihesabu watoto. Jioni wakirudi, unasimama mlangoni mwa boma, unawaangalia nyuso. Huulizi ni wangapi. Unaangalia nani hayuko."

Akageukia benchi la dirishani.

"Simiyu hayuko. Kila Jumapili naangalia pale, na hayuko. Yule mchungaji aliyesimuliwa na Yesu, wa kondoo mmoja aliyepotea, hakuondoka kwa sababu ya hesabu. Alikosa uso mmoja. Na huyu wangu," akaonyesha nyuma kwa fimbo, "huyu aliwahesabu watoto wa watu kama vichwa. Nimemwambia mimi mwenyewe, hakuna aliyemtuma awe Mmaasai wa kuhesabu. Lakini Mama Simiyu, ukimtoa naye, jioni boma litakuwa na mapengo mawili. Mimi ni mzee. Nitasimama mlangoni niangalie wapi?"

Akakaa.

Marafiki, nikageuka nikaangalia lile benchi. Nilikuwa sijaliangalia tangu siku ile ya chai iliyopoa. Hakukuwa na kitu cha kuhesabu. Palikuwa na mbao tu, na jua. Na mtoto wangu hayuko. Hapo ndipo nililia! Nililia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama. Sikujua ndani yangu kuna sauti kubwa hivyo, na mimi ndiye nauza kwa sauti. Kina mama walikuja wakanishika, na katikati yao nikasikia harufu ya moshi na maziwa, nikajua Koko ni huyo. Hakuniambia pole. Alinishika tu.

Kimya kikarudi. Na ndani ya kimya hicho, siwezi kuwaeleza vizuri, kulikuwa na Mtu. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilijua tu kwamba kuna anayesimama mlangoni jioni, anayejua Simiyu hayuko, na anayeumia kuliko mimi.

Nikasema, "Andika, karani. Niko pamoja nanyi."

Vijana walikuwa wanangoja nje juu ya pikipiki zao. Nikawaambia hakuna kuchoma. Mmoja akanirushia, "Mama, umenunuliwa?" Nikamwambia, "Ningekuwa nimenunuliwa mngesikia kelele za bei mpaka Isinya. Peleka hiyo petroli kwa pikipiki yako, ukatafutie mtoto wako chakula." Hawakucheka. Wengine walitukana. Lakini waliondoka, na duka liko mpaka leo.

Siku ya soko Lemayian akaja kusimama karibu na zizi langu, kama azimio lilivyosema. Akaanza kuwaambia vijana alichofanya, nani alimlipa, na wenzao wako wapi sasa. Alisema alidhani ni malori. Sikumwamini; mpaka leo namwamini nusu. Alitemewa mate. Nilimpa kitambaa, nikaendelea na mbuzi. Soko lililofuata akaja tena.

Halafu nikawapigia shemeji zangu. Nikasema, kateni mgomba.

Tulikwenda Bungoma, karani na baadhi ya Marafiki. Koko naye akaja, hajawahi kufika huko. Akaniuliza sikioni, "Kweli mnazika ndizi?" Nikamwambia, "Nyamaza, Koko." Nilicheka, ndugu zangu, siku ya kumzika mtoto wangu, kisha nikalia tena. Na Lemayian alikuja. Shemeji zangu walijua yeye ni nani. Mgomba ulikuwa kule chini mtoni, na hakuna aliyemwambia kitu. Alishuka mwenyewe. Tulimwona akipanda kilima, mgomba begani, utomvu ukimtiririkia shati. Wanaume wenye majembe walisimama wakamtazama, na mimi nikamtazama. Alipofika, shemeji yangu mkubwa alimsaidia kuushusha.

Nilimwona Simiyu akizikwa. Kwa macho yangu. Basi.

Ndugu zangu, Mungu hajanirudishia Simiyu. Asije mtu akawadanganya kwamba ushuhuda ni kupata. Vita vile bado vinaendelea, na wapo wanaoendelea kuita vijana. Lakini kulikuwa na moto uliokuwa unangoja neno langu, na Mungu akautoa mdomoni mwangu kabla haujatoka. Namshukuru kwa hilo. Nawashukuru ninyi mliokataa kunihesabia mikono, mkakubali kukaa kimya na mama mwenye hasira mpaka akalia.

Na wewe unayenisikia, ambaye jioni ukisimama mlangoni kuna uso huuoni, na jirani anakwambia sema neno tu, usilitoe hilo neno. Lilete kwanza hapa. Mwamini huyu Bwana anayesimama mlangoni. Siku hizi mimi nakaa benchi la dirishani, na Koko upande huu. Njoo uketi nasi. Nafasi iko. Sijaihesabu.