Injini Niliyoiita Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, vuteni hilo benchi, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema leo sina pumzi ya kuyasema mara mbili. Mwalimu, binti yangu wa kwanza, kaa upande huu wa sikio langu zima, na daftari lako liwe mkononi. Na wewe Dereva, kitinda mimba wangu, zima hiyo simu, lori litakungoja. Nikinyamaza msidhani nimemaliza. Nitakuwa nakusanya nguvu tu.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na sitaki kusikia kwamba mmejenga ukuta katikati yake. Lakini kile chumba cha uani, karakana yangu, msikiguse. Meza, jiliwa la kubania kazi, mashine ndogo ya kukerezea, tupa zote nilizozitundika kwa ukubwa wake, vibano, lenzi, makopo ya rangi, na mabehewa kumi na moja yaliyoko rafuni, vyote hivyo ni vya binti wa Kimya, marehemu kaka yenu. Naona mnavyotazamana. Ndiyo hasa sababu ya kuwaita.

Mnajua nilikuwa seremala wa mabehewa miaka thelathini na moja katika karakana ya reli. Nimetengeneza viti ambavyo watu wamelalia safari nzima, na madirisha ambayo watoto wameegemeza pua, na katika miaka yote hiyo jina langu halikuandikwa popote. Behewa likitoka lilikuwa na kibao cha karakana na sahihi ya mhandisi, basi. Nilipostaafu nikaanza kuyatengeneza upya mabehewa yale yale kwa udogo, kila nusu mita ya treni ya kweli ikiwa sentimita moja mezani pangu, behewa zima likikaa mapajani kama paka aliyelala. Nilichonga mbao nyembamba hata ukiziinua unaona mwanga upande wa pili, nikatia vioo madirishani, nikapanga viti, nikaweka hata ndoano za kutundikia makoti, ambazo nilizikunja kwa waya huku nimezuia pumzi, kwa sababu nikipumua tu zimepotea sakafuni. Mama yenu, Mungu amrehemu, alinishonea mapazia yake kwa vipande vya magauni yenu ya zamani, na alizoea kusema kwamba nyumba yake imegeuzwa stesheni ya abiria wasiokula wala wasiooga, hivyo ana nafuu.

Mabehewa nilikuwa nayo, injini sikuwa nayo. Mimi ni mtu wa mbao. Chuma hakijawahi kunisikiliza. Aliyesikilizwa na chuma alikuwa Kimya. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, haongei, mtu anaweza kukaa naye kutwa nzima asipate maneno kumi, na siku moja akasema, “Baba, nitakutengenezea ya kuyavuta.” Akaanza kwenda kule kwenye uwanja wa chuma chakavu, ambako injini moja ya zamani ya mvuke ilikuwa imesimama inaliwa na kutu, akaipima kila mahali kwa futi yake, kuanzia bomba la moshi hadi ngazi ya dereva. Mlinzi alidhani ni mwizi wa vyuma, akamweka chini nusu siku, mpaka Kimya alipomfunulia daftari la michoro. Mlinzi alilitazama ukurasa kwa ukurasa, kisha akainuka akamshikia ncha ya pili ya futi.

Ilimchukua miaka mitatu. Tangi la mvuke alilitoa kwenye kipande cha bomba la shaba, na ribiti za ubavuni, vile vichwa vya misumari ya kuungia bati, mia sita na arobaini kila upande, alizisukuma moja moja kwa nyuma ya bati kwa ncha ya sindano butu, akikosea moja anatupa bati zima. Magurudumu alipoyakereza mara ya kwanza nilimwambia yanayumba, akayatia kwenye kopo la takataka akaanza upya. Mara ya pili nikamwambia vilevile, ingawa hayakuwa yakiyumba. Naliweka hilo wazi leo. Hayakuwa yakiyumba.

Asubuhi moja ya Jumapili aliiweka relini, akaiunganishia mabehewa yangu manne, akawasha umeme. Ikaondoka polepole kama ile ya kweli, fimbo za magurudumu zinapanda na kushuka, ikazunguka meza yote bila kuruka hata kona moja. Mama yenu alipiga makofi akiwa na unga mikononi. Kimya akanigeukia mimi. Alinitazama tu, na mimi nikasema rangi ya bomba la moshi imekolea mno. Hilo ndilo lililotoka kinywani mwangu, wanangu, baada ya miaka mitatu.

Nipe maji, Dereva. Kidogo tu. Inatosha.

Mwaka uleule kulikuwa na maonyesho ya mafundi katika ukumbi wa manispaa. Tulikwenda wawili, mimi nikiwa na koti langu la kustaafia, yeye amebeba sanduku. Watu walijaa mbele ya meza yetu, na mkuu wa makumbusho akaja mwenyewe, akainama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa shaba, akazitazama zile ribiti muda mrefu sana. Kisha akaniuliza, “Mzee, mabehewa nimeambiwa ni kazi yako. Na injini hii je, ni mkono wa nani?”

Nataka mnielewe, lakini sitaki mnitetee. Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, mkono wa nani. Nikasema, “Vyote unavyoviona hapo vimetoka mikononi mwangu.”

Akaandika jina langu. Wakapiga picha. Wakaniomba treni ikae makumbusho, ndani ya kabati la kioo, na nikakubali papo hapo, bila hata kugeuka nyuma.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na kiwanda cha matofali akasema, “Baba, nilikuwa nimesimama nyuma yako.” Kwa sauti ya kawaida kabisa. Nami badala ya kushika mkono wake nikafoka, nikamuuliza shaba ilikuwa ya nani, na meza ya nani, na nani aliyemfundisha kushika tupa. Alinisikiliza mpaka nikaisha. Asubuhi yake tulikuta kitanda kimetandikwa, na sanduku tupu la treni limewekwa juu yake.

Mlikuwa mkiambiwa kwamba aliondoka kwa ukaidi. Wewe Mwalimu ulikuwa umeshaolewa, na wewe Dereva ulikuwa darasa la nne, ukalia wiki nzima, halafu ukaacha kulia ukaanza kumchukia. Siku ya msiba wa mama yenu ulisema mbele ya watu kwamba Kimya alitukimbia, na hata mtoto wake usingemtambua. Nilikuwa nimekaa hapo kwenye mkeka. Nilikusikia nikakuacha. Chuki hiyo si yako, mwanangu, mimi ndiye niliyeipanda na kuimwagilia maji.

Yupo mtu mmoja aliyenikabili. Yule mzee fundi wa kupaka rangi, wa barabara ya pili, mliyekuwa mkinisikia nikimwita mwongo. Yeye ndiye aliyemchanganyia Kimya rangi, alijua yote. Alinifuata akaniambia nirudi nikaseme kweli mapema, nikamfukuza mlangoni, na tangu siku hiyo tukikutana navuka barabara. Miaka ishirini na minne. Mkitoka hapa mwende kwake, mmwambie hakuwa mwongo.

Makumbusho walipoomba injini ya pili nilijaribu. Nilijaribu kweli. Niliharibu shaba, niliunguza vidole, na kile kitu nilichopata kiliruka relini kila kona. Nikawaandikia kwamba macho yangu yameanza kuchoka.

Kimya alikwenda kuchomelea vyuma katika karakana ya meli, mbali huko, akaoa mshonaji wa nguo. Alikuwa akimwandikia mama yenu, na mwisho wa kila barua alinitilia salamu mimi. Mimi sikujibu hata moja. Nilikuwa nikijiambia mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa miaka kumi na mmoja, mpaka kifua kikamzidi. Habari ilipofika nilipanda basi siku mbili, nikakuta wameshazika.

Yule mshonaji hakunilaumu kwa lolote. Alinipokea, akanitandikia, akaniletea sanduku la vifaa vya mumewe. Mtoto alikuwa na miaka sita, amesimama kizingitini ananikagua, kisha akaniuliza, “Wewe ndiye babu wa mabehewa? Baba alisema hakuna fundi kama wewe.” Mnasikia? Alimlea mtoto wake akimsimulia sifa zangu, wala hakumwambia nilichomfanyia. Nilitamani angenisema vibaya. Ningepata pa kusimama.

Ndani ya sanduku mlikuwa na behewa. Yeye ambaye hakuwahi kugusa mbao alikuwa akitengeneza behewa, kwa namna yangu mimi, ndoano za makoti zikiwa zimeshakunjwa. Upande mmoja alikuwa ameumaliza. Upande wa pili ulikuwa wazi, alama za penseli tu. Nilitafuta karatasi, nilitafuta hata neno moja chini ya viti vile. Hapakuwa na neno.

Mama yenu alipokuwa anaondoka aliniambia, “Usinifuate huko ukiwa na lile neno kifuani.” Nikamwahidi. Tazameni nilivyotimiza.

Sasa… subirini kidogo.

Sasa yule binti ana miaka kumi na tisa. Nimemtumia habari aje. Nilitaka kumwambia mwenyewe, lakini naona basi lake na pumzi zangu vinashindana. Asiponikuta, wewe Dereva utampokea kituoni. Wewe, si mwingine. Utambebea mzigo wake, utamwita mwanangu, na utamweleza yote, usipunguze jambo ili kunisitiri. Mpeni funguo za karakana. Lile behewa la baba yake alifanye atakavyo, alimalize au aliache. Akinikasirikia, muacheni akasirike.

Mwalimu, fungua daftari. Andika hivi kwa mkuu wa makumbusho. Injini iliyo katika kabati lenu, ambayo jina langu limeandikwa juu yake, sikuitengeneza mimi. Ilitengenezwa na mwanangu. Mabehewa ndiyo yangu. Weka jina lake kamili, lile la cheti, usiweke Kimya. Umeandika? Nishikie mkono nitie sahihi. Imepinda, lakini ni yangu.

Mungu awape mioyo myepesi ya kusema kweli, wanangu. Awape watoto, na mkiwaona wamefanya jambo zuri, awafungue vinywa mseme siku hiyohiyo. Pendaneni… nyinyi, na binti yule. Mimi nimewasamehe yote, kama yapo. Nisameheni na nyinyi. Hilo nalo… si haki yangu, naomba tu.

Funga dirisha… hapana, liache.

Mwalimu. Nisomee tena ulichoandika. Pale penye jina lake tu… polepole. Rudia, mama. Rudia.